Boksi Umelihesabu, Samaki Je?

Haya ni mazungumzo yangu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ufundi mitambo, Kigoma mjini. Nimeyaandika baadaye kutoka kwenye daftari. Maswali ya mwisho nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliokuja kuwasindikiza vijana, wanafunzi. Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu, za kwenu nimeshazipokea pale mlangoni, marahaba.

Kabla sijaenda mbali, naomba kila aliyeketi afanye jambo moja dogo. Kwa mkono wa kulia shika mguu wa chuma wa kiti chako. Kwa mkono wa kushoto shika ubao unaoukalia, lakini pale pembeni ambapo hujapapasha joto kwa kukalia. Kipi cha baridi?

Nasikia "chuma, chuma". Haya. Viti hivi vimelala humu ukumbini usiku kucha, na hakuna aliyeingiza miguu ya kiti kwenye friji akaacha ubao nje. Chuma na ubao vina nyuzi zilezile. Leteni kipimajoto muone. Mkono ndio uliokuambia tofauti, na wala haukusema uongo. Umejibu swali jingine tu. Wewe umeuuliza kiti kina nyuzi ngapi, wenyewe umekujibu joto la mwili wako linakutoka kwa kasi gani. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko ubao, kwa hiyo kinakunyang'anya upesi, nawe unakiita cha baridi.

Mkiondoka leo na hilo tu, mimi nimeridhika. Halijoto ni kitu kimoja, joto linalosafiri ni kitu kingine. Nyuzi zinakuambia joto litaelekea wapi, kutoka penye nyingi kwenda penye chache, siku zote. Hazikuambii kwa kasi gani. Kasi ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo itakayowalipa mshahara.

Shule ya msingi mlifundishwa njia tatu za joto kusafiri: mpitisho, joto likipita ndani ya kitu kigumu; myuko, likibebwa na hewa au maji yanayozunguka; mnururisho, likirushwa bila kubebwa na kitu. Mkaimba, mkapata vema. Mimi pia niliimba. Nilifika chuoni nikiwa naweza kuzitaja hata usingizini, na mwalimu mmoja akatupa kanuni ubaoni, tukainakili, tukaikariri, tukaijibu mtihani. Hakuna hata siku moja aliyetuambia tushike kitu. Matokeo yake nitawasimulia, kwa sababu yalimgharimu mtu samaki.

Aliyeuandika mpitisho kwa hesabu ni Mfaransa, Joseph Fourier, mtoto wa fundi cherehani aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo. Alipeleka kazi yake kwa wakubwa wa hesabu wa Paris mwaka 1807, wakaitilia shaka. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1822. Miaka 15! Kwa hiyo mwalimu akikurudishia ripoti yako mara mbili usinune.

Alichosema Fourier, ukikivua nguo za alama, ni hiki: joto linalopita ukutani kila sekunde ni uwezo wa ukuta huo kupitisha joto, mara eneo lake, mara tofauti ya nyuzi za pande mbili, gawanya kwa unene. Fikirini barabara ya kutoka Mwanga kushuka stesheni. Mteremko ukiwa mkali, baiskeli inakimbia. Ukiurefusha uwe wa taratibu, inatambaa. Tofauti ya nyuzi ni kimo cha mlima, unene ni urefu wa barabara. Wati zenu, yaani joto linalopita kila sekunde, zinatoka hapo.

Sasa samaki.

Nilikuwa nimetoka chuo juzi juzi, cheti bado kinanukia wino. Mzee mmoja wa Katonga, mwenye vyombo viwili vya kuvulia, aliniita. Alitaka migebuka wake wafike Tabora kwa treni wakiwa wabichi, bila kukaushwa wala kutiwa chumvi. Akaniambia, "Mwanangu, nitengenezee deli kubwa, hili la dukani halitoshi." Nikafurahi. Hii si kanuni ya Fourier kabisa?

Nikapiga hesabu mbele yake, kwa majivuno. Boksi lenye kuta za jumla ya mita za mraba 2. Nje nyuzi 27, ndani barafu, nyuzi 0. Kuta za sponji ngumu nyeupe, ile inayokuja imefunga televisheni. Uwezo wake wa kupitisha joto ni wati 0.035 kwa mita kwa kila nyuzi, mdogo sana, na sababu ni kwamba karibu yote ni hewa iliyofungiwa kwenye vishimo vidogo isipate pa kuzunguka. Unene sentimita 5. Zidisha, gawanya, unapata wati 38 hivi, chini ya balbu moja ya zamani. Kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto) kuyeyuka, bila kupanda hata nyuzi moja; hilo ndilo joto fiche. Kwa siku nzima wati 38 zinayeyusha karibu kilo 10. Nikasema, hapana, mzee wangu anastahili zaidi. Nikafanya kuta ziwe sentimita 10. Kilo 10 zikawa kilo 5. Nikamwambia atie barafu kilo 20, safari ni ya siku moja, itabaki ya kunywea juisi.

Wakapakia alfajiri, samaki kilo 100, moja kwa moja kutoka ziwani. Barafu nilielekeza iwekwe chini, samaki juu, ili wasilowe.

Tabora walipofungua hapakuwa na punje ya barafu. Samaki wa chini walikuwa wa baridi. Wa juu walikuwa wamelegea, matumbo yamepasuka. Mnunuzi alichukua nusu, kwa bei ya kutupa.

Mzee hakunifokea. Aliniita, akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, umelihesabu boksi, samaki hukuwahesabu."

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi. Samaki hutoka ziwani na nyuzi 27 hivi, kwa sababu maji ya juu ya Tanganyika ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kilo moja ya samaki hutoa karibu kilojuli 3.6 kwa kila nyuzi inayoshuka. Kilo 100, nyuzi 27: kilojuli 9,720. Gawanya kwa 334. Zinahitajika kilo 29 za barafu kuwapoza samaki tu, hata kama kuta za boksi zingekuwa za miujiza zisizopitisha chochote! Mimi niliweka 20 jumla. Nilikuwa nimekesha nikipigana na kilo 5 za ukutani, huku kilo 29 zimelala ndani ya boksi, nimezipakia mwenyewe.

Na lile la kuweka barafu chini ni kosa la pili, la myuko. Hewa na maji ya baridi ni mazito, yanashuka na kutulia. Ukiweka barafu chini, ubaridi unakaa huko huko chini, walio juu hawaupati. Ukiiweka juu na katikati ya matabaka, maji yanayoyeyuka yanashuka yakipita samaki mmoja mmoja, yakichukua joto njiani. Ndiyo, watalowa. Samaki alizaliwa amelowa.

Safari ya pili tulitia kilo 40, tabaka la samaki, tabaka la barafu, na tundu dogo chini la kutolea maji. Ikafika Tabora imebaki ya kujaza ndoo ndogo. Mzee yule aliendelea kuniita "mhandisi wa kilo ishirini" hadi alipofariki.

Ndiyo maana nasema msianze na kanuni. Anzeni na hesabu ya duka: joto kiasi gani limo, kiasi gani linaingia, kiasi gani linatoka. Halafu ndipo muulize linapita wapi.

Swali la pili, baada ya hilo, ni: linakwama wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana nimewaona mafundi wazuri sana wakipotea.

Injini ikichemsha, joto lililo kwenye maji ya injini linatakiwa litoke liende hewani. Linapita vituo vitatu. Kwanza kutoka kwenye maji kuingia kwenye bati la rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini. Pili kuvuka bati lenyewe. Tatu kutoka kwenye bati kuingia hewani. Maji yanayosukumwa na pampu hubeba wati elfu kadhaa kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti. Bati la milimita moja la alumini huvukisha laki mbili hivi. Hewa ya feni? Makumi, labda mia na kidogo. Mnaona foleni ilipo. Ni kama abiria wanaopanda boti: hata ukijenga barabara ya njia nne hadi mwaloni Kibirizi, kama ubao wa kupandia ni mmoja, watu watapanda mmojammoja.

Ndiyo maana rejeta ina yale mapezi membamba upande wa hewa, wala hayapo upande wa maji. Aliyeibuni hakutaka urembo. Aliongeza eneo pale panapokwama. Sasa wewe unaletewa gari limetoka Kasulu, mapezi yamezibwa na vumbi jekundu na nyasi na wadudu, unahangaika kutafuta rejeta ya shaba kwa sababu umesoma kwamba shaba hupitisha joto kuliko alumini. Ni kweli hupitisha. Lakini umepanua barabara, ubao ni uleule. Chukua maji na brashi laini, safisha mapezi, angalia mkanda wa feni.

Na jambo la thamostati, naomba wanaosomea magari wanisikilize. Gari likichemsha, wengi mnang'oa thamostati mnatupa. Kile kidude hufunga njia injini ikiwa ya baridi na hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukikitoa, asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta, oili inabaki nzito. Na kama ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta, upo pale pale. Kama thamostati yenyewe imekwama, badilisha. Ichemshe kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto uone kama inafunguka. Ni jaribio la dakika kumi. Kung'oa bila kupima, mimi siuiti ufundi.

Ukoko pia ni kizuizi. Maji ya ziwa letu yana madini. Ukijaza rejeta kwa maji ya ziwa kila wiki, ndani hujengeka tabaka jeupe kama lile la kwenye birika. Milimita moja ya ukoko huo huzuia joto sawa na chuma cha unene wa zaidi ya sentimita 2. Kwenye boila la mvuke mambo ni mazito zaidi. Meli yetu ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapa Kigoma ikashushwa majini mwaka 1915, ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli. Katika boila kama lile, moto uko upande mmoja wa bomba na maji upande wa pili. Maji ndiyo yanayolilinda bomba. Ukoko ukiingia katikati, maji hayafikii chuma, chuma kinazidi kupata moto, kinalainika, kinavimba, kinapasuka. Kwa hiyo yule kibarua wa kusugua ukoko alikuwa analinda roho za watu.

Niguse Uvinza, maana wapo vijana wa huko. Chumvi imepikwa pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa muda mrefu ilipikwa kwa kuni. Tuchukue maji ya chumvi yaliyokolea kabisa, yasiyoweza kuyeyusha punje nyingine. Kupata kilo moja ya chumvi inakubidi ufukuze lita 2.8 za maji. Kuyapandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni kilojuli 314 kwa kilo. Kuyafanya mvuke ni 2,257, mara saba ya hiyo. Mpishi anadhani kazi imekwisha sufuria ikianza kutokota, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kwa moto wa mafiga, ambao sehemu kubwa ya joto lake huishia hewani, inaweza kukuchukua kilo 3 za kuni kwa kilo moja ya chumvi. Na maji yakiwa hayajakolea, zidisha. Mnaelewa miti ilikokwenda. Jua hufanya kazi hiyo hiyo bure, lakini linataka eneo kubwa na kina kifupi, na halifanyi kazi masika. Akina mama wa dagaa pale Kibirizi wanalijua hili kuliko mimi: wanajua dagaa wa kwenye chanja hukauka upesi kuliko wa mchangani, kwa sababu kwenye chanja upepo unachukua mvuke juu na chini.

Mnururisho nitausema kwa kifupi. Ukikaa chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, kichwa kinauma hata kama upepo unapita dirishani. Hewa haikukosei, bati ndilo linalokupiga kutoka juu. Kitu chochote hutoa mnururisho kwa kipeo cha 4 cha nyuzi zake za Kelvini, yaani nyuzi hizi za kawaida ukijumlisha 273. Bati lenye kutu likifika nyuzi 60, na wewe una 30 na kitu, linakupa karibu wati 200 kwa kila mita ya mraba ya wewe inayolitazama. Weka dari, hata ya mkeka, umelikata. Huhitaji feni kubwa. Feni inasukuma hewa, na mnururisho hausubiri hewa.

Basi, nimesema muda mrefu kuliko nilivyopewa. Maswali.

*

Kijana wa mstari wa pili aliuliza kama mtihani utakuwa wa Kiingereza. Nikamjibu utakuwa wa Kiingereza, mwanangu, na vitabu pia, kwa hiyo maneno yake yajue vizuri, usiyaogope. Ila hesabu ya samaki niliikosea kwa Kiingereza na nikasahihishwa kwa Kiswahili, mbele ya kikombe cha chai. Ukilielewa jambo kwa lugha unayoota nayo, kulihamisha ni kazi ya jioni moja.

Mwalimu mmoja alitaka kujua vifaa gani chuo kinunue kwanza. Nikasema vipimajoto, vingi, vya bei nafuu, kabla ya mtambo wowote. Na mizani. Barafu, mizani na saa ni maabara tosha: pima barafu, iache ndani ya boksi, pima maji asubuhi, utajua wati zinazoingia.

Wa mwisho alikuwa binti aliyekaa nyuma kabisa.

"Mama, bibi yangu Ujiji ana mtungi wa maji. Zamani ulikuwa unapoza sana, sisi watoto tulikuwa tunagombania. Siku hizi haupozi. Tatizo nini?"

Nikamwambia tuanze na hesabu. Mtungi haupozi kwa kuzuia joto lisiingie. Unapoza kwa kutoa jasho: maji yanapenya udongo, yanafika nje, yanakauka, na kila gramu inayokauka inaondoka na kilojuli 2.4. Mtungi wa lita 10 ukitaka kuushusha nyuzi 5, gramu 90 za maji zinatosha, hazijazi hata kikombe. Kwa hiyo ni ama jasho halitoki, au linatoka na halikauki.

"Umewekwa wapi?"

"Mlangoni, pale pale siku zote. Upepo unapita."

"Ni wakati gani haupozi, masika tu au hata kiangazi?"

"Hata kiangazi."

Kiangazi hewa ni kavu, jasho lingekauka. "Ukiugusa kwa nje unalowa mkono?"

Akafikiri. "Haulowi. Mkavu kabisa."

"Basi jasho halitoki. Kuna kitu kimeziba vitundu vya udongo. Kuna mtu ameupaka kitu?"

Akanyamaza kidogo, halafu akaangalia chini.

"Niliupaka rangi ya mafuta, Mama. Sikukuu ya Idi. Ya bluu."